Visamaki Kumi na Viwili Chini ya Mtumbwi

Ukitaka kumjua mume wangu Placidi, usimwangalie kanisani wala kwenye mkutano wa kijiji, maana huko kote anasinzia. Mwangalie siku anayopaka vanishi. Ananawa mikono mara nne kwa sabuni, anakata kucha, anavua shati ili uzi usidondoke, halafu anakaa kimya kwanza na kusikiliza kama kuna upepo. Tulipooana, mwaka 1966, sikuyajua hayo. Nilitoka Mapera, milimani, nikateremka kuolewa ufukweni mwa ziwa, upande wa Chiwanda, na asubuhi ya tatu niliamka mapema nikafagia uwanja kama bibi harusi yeyote mwenye adabu zake. Vumbi likapanda. Nikasikia mtu anaguna nyuma ya nyumba. Nilipokwenda nilimkuta bwana harusi wangu amepiga magoti mbele ya kisamaki cha mti kilichoning'inia kwenye uzi. Upande mmoja kilikuwa kinang'aa, upande wa pili kimekuwa kama andazi lililobiringishwa mchangani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Gertruda, siku nyingine uniulize kwanza," na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikajiuliza ni mtu gani huyu niliyepewa.

Kazi hiyo aliipata misheni, alikolelewa. Hakuwa fundi wa kuranda, alikuwa fundi wa kupaka: mabenchi ya kanisa, milango, makabati ya sakristia. Mkubwa wake alikuwa Bruda Nazari, mzee mkali aliyepitisha kitambaa cheupe juu ya kila kitu kilichokauka, na kitambaa kikinasa hata unywele mmoja kazi inarudiwa tangu mwanzo. Bruda huyo alikuwa na kisanduku cha visamaki vya mti, vya kukokota nyuma ya mtumbwi siku za mapumziko, na vyote vilikuwa vimebabuka rangi. Akampa Placidi avipake upya. Placidi akavipaka, akaomba aende naye ziwani kuona vinavyoogelea, na tangu siku hiyo hakupona.

Kisamaki chenyewe ni kitu kidogo, urefu wa kiganja. Alikichonga kwa mabaki ya mkangazi waliyoacha wachonga mitumbwi, akakipachika kidevu cha bati la kopo na ndoana mbili tumboni. Ukikikokota kwa uzi mrefu nyuma ya mtumbwi kinatikisika kama usipa mgonjwa, yaani dagaa wa huku, na mbasa, yule samaki mkubwa mwenye magamba ya fedha, anapenda usipa mgonjwa kuliko kitu chochote. Watu walidhani ule mng'ao ni maringo ya Placidi. Hata mimi nilidhani hivyo miaka miwili ya kwanza. Kumbe tone moja la vanishi likikaukia ubavuni, kisamaki kinalala upande na mbasa anakipita bila kukitazama. Kitundu kidogo kama ncha ya sindano kikibaki, maji yanaingia, mti unavimba, rangi inabanduka, na siku ya tatu unavuta kijiti. Kwa hiyo alikisugua kwa majani ya msasa mpaka akikipitisha shavuni asisikie kitu. Halafu tabaka jepesi la kunywewa na mti, halafu rangi nyeupe tumboni na buluu mgongoni, jicho kwa kichwa cha msumari, na mwisho vanishi mara tatu, kila tabaka likauke siku nzima na kusuguliwa kabla ya jingine. Vanishi aliichuja kwa kipande cha kanga yangu kuukuu. Mimi kushika brashi ilikuwa mwiko. Kila nilipoomba aliniambia mkono wangu una haraka.

"Haya," nikamjibu siku moja, "siku utakayonipa brashi ndiyo siku nitakayokula kungu wako."

Hapo lazima nieleze, maana watu wa milimani kwetu hawaamini. Siku nyingine juu ya ziwa unaona moshi umesimama wima, mrefu, mweusi, na wala hakuna kinachoungua. Ndio kungu hao, wadudu wadogo kuliko mbu, hawaumi, lakini hesabu yao haina mwisho. Upepo ukiwaleta nchi kavu, Wanyasa wanaacha kila kitu. Wanatoka na vikapu na sufuria zilizopakwa mafuta, wanazipunga hewani, wadudu wananata, wanawafinyanga mikate na kuwapika. Wanasema ni kitoweo kitamu ajabu. Miaka tisa Placidi aliniwekea kipande kwenye sahani, na miaka tisa nilikisogeza pembeni na kula mihogo yangu kwa chumvi.

Sasa mwaka 1974 Operesheni ya vijiji ikatukusanya. Tulihama kutoka kwenye vichaka vyetu, kila mtu na bata wake, tukapangwa mistari miwili karibu na maji, na Placidi akapata kibanda kidogo pembeni akakifanya karakana. Mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipokaribia, mwenyekiti wetu, Ndugu Fulgence, alisimama mkutanoni na daftari lake.

"Shamba la kijiji ni ekari sitini," alisema, "na nguvu kazi haitoshi. Mvuvi anafanya kazi ya kijiji. Mchonga mitumbwi anafanya kazi ya kijiji. Lakini kupaka vijiti rangi, ndugu zangu, mimi sijui niandike ni kazi gani."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Fulgence hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa daftari tu, na jambo lisiloingia kwenye mstari wa daftari lilimnyima usingizi. Akamwandikia Bwana Samaki wa Mbinga, yaani afisa wa uvuvi, Ndugu Ausi, mtu wa Kilwa aliyehamishiwa huku kwetu. Jibu lilikuja baada ya wiki moja, likasomwa hadharani. Bwana Samaki alisema nailoni ya nyavu haipatikani mkoa mzima, kwa hiyo visamaki vya kukokota vinaweza kusaidia, ila vile alivyowahi kuviona vilibabuka majini. Fundi atengeneze kumi na viwili. Atakuja Jumatano ya wiki ya tatu, vitiwe majini, na vikistahimili, karakana itaandikwa kuwa kazi ya ujamaa na vijiji vingine vitakuja kujifunza. Visipostahimili, mwenyekiti aamue anavyoona. Na mwenyekiti alikuwa ameshaona: kibanda kiwe ghala la mihogo, Placidi apewe jembe.

Nieleze kuhusu Placidi na jembe. Mimi ni Mmatengo, nimelima ngoro, mashimo yetu ya milimani, kabla sijajua kusoma. Nilimchukua siku moja bustanini kwangu anisaidie. Kufika saa sita alikuwa amelima hatua nne, kwa sababu kila bonge alilivunja kwa vidole, akaokota mizizi, akausawazisha udongo kwa kiganja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini baada ya barua ile sikuwa nacheka. Niliukumbuka mwaka karakana ya misheni ilipofungwa. Miezi minne alikuwa anakaa mlangoni anatazama mikono yake, ukimsalimu anaitikia kesho. Nilimpata tena alipovirudia visamaki. Niliogopa kumpoteza mara ya pili akiwa yumo humo humo ndani ya nyumba, na safari hiyo nisingejua pa kwenda kumtafuta.

Basi akaanza. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha ya namna ile na hofu ya namna ile kwa pamoja. Alichonga akiimba litania. Alisugua mpaka majani ya msasa yakaisha karibu na kijiji, ikabidi binti yetu Ottilia na mimi tukayatafute kuelekea Liparamba. Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa kopo la vanishi. Misheni walimwachia makopo mawili, na hilo lilikuwa la mwisho, nusu. Madukani wakati ule hata sabuni ilikuwa ya bahati, usiseme vanishi. Akapima kwa kijiti: matabaka matatu kwa visamaki kumi na viwili, na kidogo cha akiba.

Tabaka la kwanza likakauka safi. La pili likakauka safi zaidi, mpaka ukikiangalia kisamaki unaona pua yako. La tatu alipaka Jumatatu saa nne asubuhi, chini ya upenu wa karakana, ziwa limetulia kabisa, hakuna jani linalotikisika. Alikuwa amemaliza cha kumi na mbili na anakitundika kwenye kamba pamoja na wenzake. Nilikuwa nimekaa mbali, kama sheria inavyosema, namenya mihogo. Ndipo tukasikia watu ufukweni wanapiga kelele kwamba kungu wanakuja.

Ningemtetea mume wangu kama ningeweza. Nilitazama ziwani, moshi ule ulikuwa umeshainama kuelekea kwetu. Nikamtazama Placidi nikitegemea atafunika kazi yake. Yeye alitupa brashi kwenye tapentaini, akanyakua ungo wangu ukutani, akaupaka mafuta kiganja kimoja, akakimbia ufukweni akicheka na wengine wote. Mnyasa akisikia kungu hana jina wala hana kazi. Mimi wa milimani, nisiyewajua, ndiye niliyesimama pale nikaona. Wingu lilipita juu ya karakana kwa dakika chache tu. Kila kilichokuwa kibichi kilinasa. Visamaki vile kumi na viwili vilikuwa vinaning'inia vimeota manyoya meusi kuanzia kidevuni mpaka mkiani, na baadhi ya manyoya yalikuwa bado yanachezesha miguu.

Alirudi na ungo umejaa, jasho linamtoka, mwenye raha. Akafika kwenye kamba akasimama.

"Baba Ottilia," nikamwambia, "umevuna mara mbili."

Nilijuta nilipoona uso wake. Ungo ulimtoka mikononi, akakaa chini pale pale juu ya kungu wake. Hasira zikanishika, tena si kidogo, nikamwambia yote: kwamba mtu mzima anakimbilia nzi, kwamba mimi nimekatazwa kufagia uwanja wangu mwenyewe miaka tisa kwa ajili ya vumbi, na yeye analeta wingu zima. Alikuwa anatazama viganja vyake, na hapo nikanyamaza, kwa sababu nilishawahi kumwona akitazama vile.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Tunaweza kuwatoa?"

"Sasa hivi hapana. Ukigusa mbichi unaharibu mpaka chini." Akafikiri. "Tuache ikauke siku mbili. Tukwangue kungu, tusugue mpaka tufike tabaka la pili. Halafu moja juu."

"Vanishi ipo?"

Akainua kopo akaliinamisha. Ilikuwa imebaki vidole viwili. Tabaka moja, bila akiba, bila kosa, na kungu msimu ule walikuwa wanakuja kila baada ya siku chache.

Tulisugua Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Kusugua aliniruhusu, maana mikono yake miwili haikutosha. Nilisugua mpaka ncha za vidole zikapoteza ngozi, na wakati wote nilikuwa nawaza mahali pasipo na wadudu wala vumbi. Ndani ya nyumba dari ni nyasi, zinadondoka. Kanisani popo. Kwenye sanduku la nguo vitagusana. Ijumaa jioni nilishuka kuchota maji, nikapita kwenye mtumbwi mpya wa Thadei, jirani yetu, rafiki wa Placidi tangu utoto. Alikuwa ameufudikiza juu ya magogo mawili ukauke taratibu kabla ya kuutia majini. Mitumbwi ya huku unaijua: mdomo mwembamba, tumbo pana. Nikaweka ndoo chini, nikainama, nikaingiza kichwa. Kulikuwa giza tulivu, mti umechongwa laini, hakuna kinachodondoka. Nikaacha ndoo nikapanda mbio nyumbani. Sikumbuki mara nyingine niliyokimbia hivyo nikiwa mama wa mtoto.

Thadei alikubali kabla sijamaliza kueleza. "Shemeji, tumieni tu," alisema. "Mimi nautaka Jumatano. Ila watu wakiniuliza mnafanya nini mle chini na mumeo, niseme nini?"

"Waambie tunalima," nikamjibu.

Jumamosi asubuhi tukamwagia mchanga maji mpaka ukashikamana. Nikatundika magunia mabichi pande zote kama pazia. Placidi akabana vijiti ndani ya tumbo la mtumbwi, akafunga nyuzi kumi na mbili. Nikafunga nywele, nikavaa gauni langu la zamani lisilotoa nyuzi, nikanawa mara nne kama yeye. Tukalala chali kwenye mkeka uliolowa, mimi nimeshika kopo kifuani, mwanga unaingia kwenye upenyo mmoja upande wa ziwa. Akapaka cha kwanza, brashi ikienda njia moja tu, kutoka kidevuni mpaka mkiani, bila kurudi.

"Usipumue juu yake," aliniambia.

"Nisipumue kabisa?"

"Pumua upande wa kule."

Nje nilisikia wanawake wanacheka na kuuliza kama tumehamia. Nami nilitaka kucheka mpaka kopo likaanza kutikisika, akanigonga kwa mguu. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa furaha ya ajabu. Nilikiona kile alichokuwa anakiona yeye miaka yote: vanishi inavyotandaa yenyewe, alama za brashi zinavyofunga polepole na kupotea, na kisamaki kinazinduka. Cha kumi na mbili alikipaka kwa yale yaliyobaki kwenye kuta za kopo. Tulitoka kwa kutambaa kinyumenyume, tukashusha magunia, tukakaa juu ya mchanga tukitazamana kama watu waliotoka kuiba.

Jumatatu kungu walikuja tena. Kijiji kizima kilimwagika ufukweni na vikapu, na Thadei alipita mbio akimwita. Placidi alikaa ameegemeza mgongo kwenye magunia, ameshika magoti, macho yanafuata vikapu vinavyopungwa, na koo lake nililiona likimeza mate. Hakuinuka. Wingu lilipopita, nywele zake zilikuwa nyeusi kwa kungu na magunia pia, lakini ndani hakuingia hata mmoja. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, nasema kweli.

Jumatano alinyoa ndevu, akaondoka alfajiri na mwenyekiti kwenda kumpokea Bwana Samaki kwenye ghuba ya jirani, kwa sababu kwetu kuna miamba na boti ya idara haiwezi kutia nanga. Alikuwa na wasiwasi mmoja tu. Vanishi imekauka, lakini kwa maji inataka siku saba, na ilikuwa na siku nne. "Nitamwomba avitie majini wiki ijayo," aliniambia. "Wewe usiguse kitu."

Hakufika mbali nadhani, Thadei akaja mbio na wenzake wawili. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku, mto umeshuka mwekundu, na mbasa walikuwa wamejaa mdomoni mwa mto, wanaruka wazi wazi. Nyavu za kijiji zilikuwa matundu matupu.

"Shemeji, mtumbwi nauchukua, tulikubaliana Jumatano," alisema. Halafu akashusha sauti. "Na hivyo visamaki?"

Nilisimama pale nimeshika gunia mkononi. Niliambiwa nisiguse. Lakini niliwaza: Bwana Samaki atavitia majini leo hata tukimwomba vipi, maana watu wa ofisi hawarudi. Na hawa mbasa nao hawarudi. Nikafungua nyuzi sita, nikampa. Sita nikavipeleka karakana kwenye kitambaa cheupe.

"Ukivipoteza, Thadei," nikamwambia, "usirudi kijijini. Endelea tu mpaka ng'ambo."

Bwana Samaki alifika saa tatu na nusu, kijana mrefu mwenye miwani na kaptula iliyonyooshwa. Placidi alikuwa nyuma yake. Aliingia karakana, akaona kitambaa kina visamaki sita, akanitazama. Nikamwambia. Hakupaza sauti, ila weusi wa uso wake uligeuka rangi ya majivu.

"Umempa Thadei," alisema. "Mama Ottilia, umempa Thadei."

Ndugu Ausi alikiinua kimoja akakigeuza kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kutoka kidevuni mpaka mkiani. Akavua miwani, akaangalia tena. "Hebu, fundi, hii ni kazi safi mno," alisema. Nikaanza kuvuta pumzi. Kisha akakiweka chini. "Lakini uzuri mimi sikuufuata. Mapambo ya kabatini yako mengi. Nilitaka kuviona vimekaa majini. Wewe unaniomba nije wiki ijayo, na boti yangu inaondoka saa sita, kabla mwera haujaanza kuvuma. Nitaandika jaribio halikufanyika."

Mwenyekiti akafungua daftari. Nilimwona anatafuta mstari wa ghala. Placidi alikuwa tayari ameanza kutazama viganja vyake.

"Jaribio linafanyika," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Liko ziwani tangu alfajiri. Tushuke ufukweni, Bwana Samaki, miguu yako haitaisha."

Tulishuka, mimi nimebeba vile sita. Ziwa lilikuwa tupu, na tulisimama pale robo saa nzima, mtu wa Kilwa anatazama saa yake, mimi nasali rozari kimoyomoyo na kuruka mafungu. Ndipo mtumbwi wa Thadei ulipotokea nyuma ya mwamba, umezama mpaka karibu na ukingo, na wanawake wakaanza kupiga vigelegele kabla hata haujafika, kwa sababu mtumbwi unaokaa vile majini hauna maana mbili. Mbasa walikuwa wamelala humo kuanzia mbele mpaka nyuma. Thadei aliruka majini akiwa bado anapiga makofi.

"Vitano," alinieleza kabla sijauliza. "Kimoja ameondoka nacho mkubwa wao, amekata uzi. Usinifukuze, shemeji."

Ndugu Ausi alichomoa kisamaki mdomoni mwa mbasa, akakisuuza ziwani, akakifuta kwa leso yake. Hakuna palipobabuka. Buluu ilikuwa buluu na jicho lilikuwa mahali pake. Lakini alikuwa mtu makini. Alivunja tete, akafunga uzi katikati yake, akatundika kisamaki kilichotoka majini upande mmoja na kile kikavu upande wa pili, akaliinua. Mti uliokunywa maji ungezama upande wake, hata mtoto anajua. Tete lilicheza kushoto, likacheza kulia, kisha likasimama sawasawa. Placidi alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka pete ikaniuma.

"Hakijanywa hata tone," alisema Ndugu Ausi. Akakisogeza karibu na miwani. "Na huyu je?"

Karibu na mkia, chini ya vanishi, alikuwamo kungu mmoja, mabawa yametandazwa, mzima mzima. Placidi aliinamisha kichwa. "Nilimwona Jumamosi," alisema. "Ningemkwangua ningefika kwenye mti."

Bwana Samaki alipitisha ukucha juu yake mara mbili. "Sisikii kitu. Amezikwa kwa heshima." Akacheka peke yake, kisha akamgeukia mwenyekiti. "Andika, ndugu. Karakana ya kijiji. Fundi Placidi. Vanishi nitaleta mimi na boti ijayo. Na huyu mama anaitwa nani?"

"Gertruda," alisema Placidi haraka, kabla sijafungua mdomo. "Mtumbwi ulikuwa wazo lake. Na kuvipeleka ziwani pia. Mwandikeni naye."

"Mniandike," nikasema, "lakini jembe langu msiniondolee."

Fulgence aliandika kwa mwandiko mzuri, akaonekana mtu aliyetua mzigo, kwa sababu sasa kulikuwa na mstari. Ghala la mihogo, alisema, watajenga jingine.

Alasiri, boti ilipokwisha kuondoka na kijiji kizima kinanuka mbasa wa kuchoma, kungu walikuja kwa mara ya tatu. Placidi hakuwa na cha kulinda. Alichukua ungo akakimbia kama kichaa, akarudi na mkate mweusi wa ukubwa wa ngumi, akaupika mwenyewe kwa chumvi na nyanya, akaniwekea kipande kwenye sahani kama alivyofanya miaka tisa. Nikakitazama, nikamtazama yeye.

"Na ile brashi je?" nikamuuliza.

Alikuna kidevu kilichonyolewa. "Kopo likija," alisema, "uwahi kunawa mikono."

Nikamega, nikala. Ilikuwa na ladha ya usipa na ya ardhi iliyonyeshewa, wala si mbaya. Kopo lilikuja Januari. Nilinawa mara nne.